MZAZI NA KITABU CHA MWANAWE

(Hotuba aliyoisoma mwanachama wetu mwenye duka Dodoma, mbele ya ndugu wa tawi, alipokuja kisiwani kuwatazama wazee wake. Tumeipiga chapa kama alivyoisoma, kwa manufaa ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Mimi si mwalimu wala si mwanasheria. Elimu yangu ni ya chuoni: nilikhitimu msahafu mbele ya maalim wangu, nikasoma na skuli kidogo, kisha riziki ikanichukua. Mpemba, kama mjuavyo, haulizwi kama ana duka; huulizwa duka lake liko mtaa gani. Langu liko Dodoma, karibu na soko la Majengo. Nauza unga, sukari, sabuni na mafuta ya alizeti, na huu ni mwaka wangu wa 17 katika nyanda zile kavu. Wanangu wamezaliwa huko na wanasoma katika skuli za Serikali za huko.

Mwenyekiti aliniletea ujumbe kwamba nije nizungumze juu ya maisha ya bara. Njiani, kwenye treni ya umeme mpaka Dar es Salaam, na kwenye boti mpaka hapa, nilikuwa nikipima niseme nini. Nikaona maisha ya bara ni mengi, na mwenye kusema mengi husahauliwa yote. Basi naomba ruhusa yenu nizungumze jambo moja tu: haki ya mzazi kujua, kabla na si baada, mwanawe anasomeshwa nini katika skuli ya Serikali.

Huenda mtu akasema: Dodoma iko mbali, na sisi tuna Wizara yetu ya Elimu na Taasisi yetu ya Elimu hapa Visiwani. Ni kweli. Lakini mtoto wetu akifika Kidato cha Nne hukaa mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania, na mtihani ule hufuata mihutasari iliyotengenezwa bara. Basi lile linalokubaliwa leo katika kumbi za Dodoma, mwanao wa Wete au wa Makunduchi atalijibu kesho kwa kalamu yake. Mwenye kujibu swali ana haki ya kujua limetoka wapi.

HESABU YA SUKARI

Nitaanza kwa kisa changu mwenyewe, na skuli yenyewe sitaitaja, kwani sikuja hapa kumshitaki mtu.

Usiku mmoja, baada ya kufunga duka, binti yangu wa darasa la sita alikuwa ameketi juu ya gunia akifanya kazi ya skuli chini ya taa. Nikalichukua daftari lake nilitazame. Nikaona hesabu ya faida na hasara. Mtu amenunua gunia la sukari kwa shilingi 120,000, akaliuza kwa shilingi 138,000. Je, amepata faida ya asilimia ngapi? Binti yangu alikuwa ameandika 15, na juu ya jawabu lake pamepigwa mkasi mwekundu. Chini yake, kwa mkono wake mwenyewe, amenakili masahihisho ya ubaoni: 13 na kidogo juu.

Nikamwuliza, "Mwanangu, kwa nini umefuta jawabu lako?"

Akanambia, "Baba, mwalimu kasema nimekosea. Faida inagawanywa kwa bei ya kuuzia."

Ndugu zangu, mimi katika dini yangu naweza kukosolewa na shekhe, na katika siasa naweza kukosolewa na Mwenyekiti, lakini katika gunia la sukari sikosolewi. Faida ya shilingi 18,000 huhesabiwa juu ya mtaji uliotoka mfukoni, yaani 120,000, na hiyo ni 15 katika kila 100. Mwenye kuhesabu kwa namna nyingine hajui fedha yake imezaa nini.

Asubuhi nikenda skuli. Nilivaa kanzu safi na nikaingia kwa adabu. Nikaomba nionyeshwe kitabu ambacho watoto wanasomeshwa hesabu hizo. Yule niliyemkuta ofisini akanitazama juu mpaka chini, akanambia, "Mzee, kazi yako ni kununua daftari na sare. Mtaala una wenyewe."

Nikarudi dukani. Nilikuwa na hasira, lakini zaidi ya hasira nilikuwa na aibu mbele ya binti yangu, kwani alijua nilikwenda kwa ajili yake na akaniona nimerudi mikono mitupu.

Siku chache baadaye yule mwalimu wa hesabu, kijana mpole, alikuja dukani jioni kununua sukari nusu kilo. Nikachukua karatasi ya kufungia, nikamwandikia ile hesabu, nikamwomba anisaidie. Akaitazama, akanyamaza, kisha akacheka kwa haya. Akanieleza kwamba vitabu vilivyoidhinishwa ni vichache, vimefungiwa kabatini, na maswali yale aliyanakili kutoka kitabu cha mazoezi alichoazima. Darasa limejaa, usiku ni mfupi, na yeye hakupata wasaa wa kuyapima. Kesho yake alilisahihisha mbele ya darasa zima, na binti yangu akapata vema yake.

Kijana yule hakuwa adui yangu. Tulikuwa sote wawili tumesimama nje ya kabati moja lililofungwa. Na hapa ndipo lilipo swali langu. Hesabu ya sukari niliikamata kwa sababu ni kazi yangu. Lakini mwanangu anasoma pia historia, na maadili, na uraia, na mambo ya mwili wake na ndoa. Huko kosa halipimwi kwenye mizani. Nani atalikamata, ikiwa mzazi haruhusiwi hata kukifungua kitabu?

CHUONI KITABU HAKIFICHWI

Kumbukeni tulivyosomeshwa chuoni. Mtoto husoma kwa sauti barazani, na mtaa mzima unamsikia. Baba anapita akitoka sokoni, anasimama, anasikiza aya mbili, anajua mwanawe yuko juzuu gani. Mzee yeyote aliyehifadhi, hata kama hana mtoto pale, akisikia kosa hulirekebisha papo hapo, na maalim haoni kwamba amevunjiwa heshima. Bali maalim hufurahi, kwani amana ile ni ya watu wote na yeye ni mshika amana tu. Na mtoto anajua kwamba nyumba na chuo vinasema neno moja.

Sisemi kwamba chuoni hapakuwa na upungufu. Bakora zilikuwa nyingi na maelezo yalikuwa machache. Lakini katika jambo hili la uwazi, chuo cha makuti kiliishinda Wizara yenye ghorofa.

Wala wazee wetu hawakuwa watu wa kunyamaza. Katika zama za ukoloni, skuli za Serikali zilifunguliwa hapa na wazazi wengi wakaziepuka, kwa kuwa hapakuwa na Kurani ndani yake. Watawala wakawaita wajinga wasiotaka maendeleo. Lakini Kurani ilipotiwa katika mafundisho, watoto wakaongezeka. Kumbe wazee hawakuikataa elimu. Waliipima, wakaona imepungua, wakangoja itimizwe. Huo ulikuwa ukaguzi wa mzazi, ijapokuwa hawakuandikiwa barua ya kualikwa.

MAMBO YALIYOPITA DODOMA

Sasa natoka katika kisa cha mtu mmoja nakuja katika khabari za nchi nzima, nazo zimepita pale pale Dodoma, mwendo wa miguu kutoka dukani kwangu.

Mwanzoni mwa mwaka 2013, Ndugu James Mbatia, mwenyekiti wa NCCR-Mageuzi na mbunge wa upinzani, alipeleka hoja binafsi Bungeni juu ya udhaifu wa elimu. Akauliza mtaala wenyewe uko wapi, na ulioko una uhalali gani. Bunge likachafuka, na hoja ikashindwa. Haukupita mwezi, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne wa 2012 yakatangazwa: watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri, kiasi cha 60 katika kila 100. Nchi ikalia. Baadaye matokeo yakapangwa upya. Katika mwaka ule ule Ndugu Mbatia akaonyesha Bungeni vitabu vya skuli vyenye makosa ilhali vina muhuri wa kuidhinishwa, na kamati iliyokuwa na kazi ya kuidhinisha vitabu ikavunjwa, kazi ikapewa Taasisi ya Elimu.

Mtu angedhani ugonjwa umepata dawa. Lakini mwaka 2017 makosa yakaonekana tena, safari hii katika vitabu vya Taasisi yenyewe vya watoto wa madarasa ya chini. Vitabu vikaamriwa viondolewe, na wakubwa wa Taasisi wakasimamishwa kazi.

Fikirini, ndugu zangu. Vitabu vile vilikuwa vimekwisha kuandikwa, kupitishwa, kuchapwa kwa fedha ya kodi na kuingia mikononi mwa watoto. Mama anayeuza karanga Majengo anajua kusoma. Lau kitabu kingeletwa mezani kwake kabla ya kupelekwa mashineni, angaliona baadhi ya makosa yale bila ya mshahara. Hakuitwa. Aliitwa Mbunge mmoja na dhamiri yake, na nchi haiwezi kuendeshwa kwa kutegemea kwamba kila mwaka atatokea mtu mmoja wa namna hiyo.

Tarehe 13 Februari 2023 likaja jambo la namna nyingine. Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza Dodoma kwamba vitabu 16 vimepigwa marufuku katika skuli na maktaba zake, kwa sababu vinakwenda kinyume na maadili na desturi za nchi. Vingi vyao vilikuwa vya ule mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney, mwandishi Mmarekani. Jioni ile barazani kwangu palikuwa na mjadala mkubwa. Wengi walifurahi, na mimi sikuwalaumu, kwani hakuna mzazi asiyetaka mwanawe ahifadhiwe. Mteja wangu mmoja, mzee wa Kigogo, akasikiza mpaka wote wakamaliza, kisha akauliza maswali matatu: "Nani kati yenu amekisoma? Kiliingiaje? Na cha kesho nani atatwambia?"

Hapana aliyejibu hata moja.

Nami naongeza neno langu. Kupigwa marufuku kwa kitabu si haki ya mzazi. Ni uwezo wa Waziri. Mzazi alipata khabari siku ile ile aliyoipata msikilizaji wa redio aliye kijana asiye na mtoto. Leo kimeondolewa kitabu usichokipenda, umepiga makofi. Kesho utaondolewa ukurasa unaomtaja babu yako, nawe hutakuwa na pa kuuliza, kwa kuwa jana hukuuliza. Sisi watu wa Visiwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili.

Katika Mei ya mwaka ule ule wa 2023, hapo hapo Dodoma, katika ukumbi wa Jakaya Kikwete, palifanywa kongamano la siku tatu kujadili rasimu ya sera ya elimu na rasimu ya mitaala mipya. Rasimu ziliwekwa hadharani ili watu watoe maoni. Haki ni haki: hili lilikuwa jema, na anayetenda jema asifiwe hata akiwa hatumchagui. Lakini waliokaa katika viti vile walikuwa wataalamu, wakubwa, wenye skuli na wenye jumuiya. Mimi niliziona gari zao zikipita. Muda wa maoni ulikuwa mfupi, na kwenye mkutano wa wazazi wa skuli yetu sikusikia mtu akizitaja rasimu zile. Mitaala mipya ikaanza kusomeshwa kwa awamu kuanzia Januari 2024, na sera yenyewe ikazinduliwa rasmi na Rais, Dodoma tena, Februari 2025.

Katika mitaala hiyo mna somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Nakuombeni mlitazame jina hilo vizuri. Hapana nyumba katika Unguja na Pemba isiyokuwa na khabari yake ya mwaka 1964: huyu alipoteza, huyu alipata, huyu alilia kwa huzuni, na jirani yake alilia kwa furaha. Mimi sidai kwamba kitabu cha Serikali kichukue khabari ya nyumba yangu peke yake, wala kwamba kiifute ya jirani. Nadai nikione kabla mwanangu hajakariri, ili akija kuniuliza nisibabaike, na nikiona pamesemwa lisilokuwa niweze kusema "si hivyo," na kuwe na mtu wa kunijibu.

KARANGA ZA KONGWA

Pale Dodoma, kiasi cha mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, iko Kongwa. Wazee wa huko bado wanasimulia. Mwaka 1947 Waingereza walileta mashine na mabwana shamba ili walime karanga eneo kubwa ambalo jicho haliwezi kulimaliza. Mipango ilikuwa imekwisha kuandikwa London. Wagogo, ambao wanaijua mvua ya Kongwa kama mimi ninavyoujua mzani wangu, hawakuulizwa. Mvua ikakataa, udongo ukagumu kama saruji, mashine zikafa kutu. Mwaka 1951 mpango ukatupwa, baada ya kula kiasi cha paundi milioni 36.

Wale waliopanga hawakuwa wajinga; walikuwa na elimu kubwa. Kilichowapunguka ni kumwuliza mwenye ardhi. Na mtoto ndugu zangu ni shamba gumu kuliko la Kongwa, kwani likiharibika halipumzishwi mwaka mmoja likalimwa tena.

HAKI HII IMEANDIKWA

Asidhani mtu kwamba tunaomba hisani. Tangazo la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 10 Desemba 1948, katika kifungu cha 26, linampa mzazi haki ya kutangulia katika kuchagua aina ya elimu ya watoto wake. Tanzania iliingia mwaka 1976 katika mikataba miwili mikubwa ya haki iliyotokana na Tangazo lile, na yote miwili inalinda uhuru wa mzazi kuwalea watoto wake katika dini na maadili kwa mujibu wa imani yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa khabari za mambo muhimu kwa maisha yake. Je, kuna muhimu kuliko mtoto?

Tazameni na upande wa pili. Sheria inamlazimisha mzazi ampeleke mtoto skuli, na asipompeleka hushitakiwa. Mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa mikono miwili, kwani ujinga ni utumwa. Lakini sheria inayomjua mzazi siku anapokosea, mbona haimjui siku anapouliza? Wanasema elimu ni bila malipo. Si bila malipo. Kila kilo ya sukari ninayouza ina kodi ndani yake, na kodi hiyo ndiyo chaki na ndiyo kitabu. Mwenye kulipa huonyeshwa bidhaa.

WANAOPINGA WANASEMA NINI

Wako wasemao: wazazi hawakusoma, watajuaje? Jawabu ni kwamba makosa ya 2013 na ya 2017 hayakuandikwa na wauza karanga.

Wako wasemao: nchi ina dini nyingi na makabila mengi, kila mzazi akivuta upande wake skuli itapasuka. Neno hili lina uzito, na anayelidharau hajaishi Dodoma. Skulini kwa wanangu wamo Wagogo Waanglikana, Warangi Waislamu wa Kondoa, Wakatoliki, Wasukuma, Wachaga na Wapemba. Mimi sina haki ya kuamua mtoto wa Mgogo asome nini, wala yeye hana haki hiyo juu ya wangu. Lakini kukagua si kutawala. Naomba mambo matatu tu: kuona, kuuliza na kujibiwa. Katika matatu hayo hapana hata moja linalomnyang'anya jirani kitu.

Katika Marekani, wazazi Waislamu na Wakristo wa wilaya ya Montgomery, jimbo la Maryland, waliishitaki skuli kwa ajili ya vitabu vya hadithi vilivyozungumza mambo ya ndoa na jinsia kinyume cha imani zao. Hawakuomba vitabu vichomwe wala watoto wa wenzao wazuiliwe. Waliomba waambiwe mapema, na wanao waruhusiwe kutoka wakati wa kusoma. Tarehe 27 Juni 2025, Mahakama Kuu ya nchi ile, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamuru waambiwe mapema na waruhusiwe wakati kesi ikiendelea. Majaji watatu waliopinga waliogopa kwamba skuli hazitaweza kuendesha kazi. Khofu yao si ya kupuuzwa, na ndiyo maana nasema tuanze na kuona, ambako hakumzuii mwalimu hata dakika moja ya kipindi chake.

Na wako wasemao: vitabu viko kwenye intaneti, Taasisi ya Elimu imeviweka katika maktaba yake ya mtandao, nani amekuzuieni? Hili nalo ni jema na tunashukuru. Lakini mama wa Micheweni aliye na simu ya kubonyeza, na bando analolinunua kwa kuuza mayai, hawezi kusoma kitabu cha kurasa mia mbili kwenye kioo cha kuazima. Mlango ulio wazi juu ya ghorofa isiyo na ngazi ni sawa na mlango uliofungwa.

KAZI YETU

Ndugu Mwenyekiti, mwenye kulalamika bila ya kusema atakalo ni kama mteja anayegombana dukani asiseme anataka nini. Mimi naleta haya mbele ya tawi, mkiyaridhia yapelekwe juu.

Kwanza, katika kila skuli ya Serikali, siku moja kila wiki, mihutasari na vitabu vyote vinavyosomeshwa viwekwe juu ya meza, na mzazi yeyote aweze kuketi akasoma.

Pili, kabla ya mwaka wa masomo kuanza, wazazi wapewe kwa Kiswahili chepesi muhtasari wa kila somo la darasa la mtoto wao.

Tatu, rasimu yoyote ya mtaala isomwe katika kila shehia, na wananchi wapewe muda wa kutosha, usiopungua miezi mitatu. Wawakilishi wetu waidai hoja hii Barazani, na wabunge wetu waidai Dodoma.

Nne, mzazi akiandika swali ajibiwe kwa maandishi. Kitabu kikiondolewa, itolewe sababu, na waliokiingiza watajwe kwa vyeo vyao.

Tano, Kamati za Skuli zisiwe za madawati na vyoo peke yake. Ziwe na kikao kila muhula cha kutazama masomo.

Haya ni ya Serikali. Yetu wenyewe je? Kila tawi lichague wasomaji wawili, baba mmoja na mama mmoja, si lazima wawe wamesoma sana, mradi ni wavumilivu. Wavitafute vitabu vya darasa la watoto wao, wavisome, na wakiona kosa waandike jina la kitabu, ukurasa na mstari. Wasimwendee mwalimu kwa makelele. Mwalimu mwenyewe ni mzazi, na mara nyingi naye yuko nje ya kabati kama sisi. Wala asiingie mtu skulini na kadi ya chama mkononi. Pale mwingieni kama baba na kama mama. Mzazi wa chama kinachotawala naye ana mtoto darasa hilo hilo. Mkaribisheni mkae naye meza moja, kwani kosa la hesabu halichagui rangi ya bendera.

Na juu ya yote, tulifungueni daftari la mtoto usiku. Hili halihitaji ruhusa ya Waziri. Sisi wenye maduka tuna msemo wa wazee: mali bila daftari hupotea bila khabari. Tunaandika deni la kibiriti tukalihifadhi mwaka mzima, na daftari la mwana tunalitia saini bila ya kulitazama. Mimi pia nilikuwa hivyo mpaka usiku ule wa gunia la sukari. Tumefunzwa kwamba kila mtu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo hatutaulizwa mtaala ulikuwa wa Wizara gani.

Binti yangu yuko sekondari sasa. Juzi, kabla sijasafiri, alinijia na kitabu mkononi, kidole chake kimeshika ukurasa, akanambia, "Baba, hebu soma hapa, kisha unambie kama ndivyo." Nikaacha kupima unga, nikafuta mikono, nikakaa naye juu ya gunia.

Hiyo ndiyo haki ninayoidai, ndugu zangu, kwa kila mzazi. Wassalaam alaykum.

(Ukimaliza kusoma, mpe mwenzio.)